Punje za Mahindi za Mzee



Katika usharika wetu huku Urambo yuko mzee mmoja, mkulima, asiyejua kusoma sana lakini ajuaye kuhesabu. Jumapili moja, ibada ilipokwisha, alinijia chini ya mwembe, akafumbua mikono yake miwili mbele yangu. Katika mkono wa kuume mlikuwa na punje za mahindi nyingi. Katika wa kushoto hamkuwa na kitu. Akasema, "Mwalimu, leo nimezihesabu sala zetu. Kila ombi nimetia punje moja. Hizi za kuume ni zetu sisi: mvua, mbolea, bei ya tumbaku, karo za watoto, mgonjwa wa nyumba hii, safari ya nyumba ile, bati za kanisa. Ni punje 31. Mkono wa kushoto niliuweka tayari kwa ajili ya watu wengine." Nikautazama mkono ule mtupu, nisijue la kumjibu, maana aliyeziongoza sala zile ni mimi.

Sisemi kwamba ni vibaya kumwomba Mungu mvua. Mtu wa Urambo asiyeomba mvua mwezi wa Novemba labda hana shamba. Bwana wetu mwenyewe, alipowafundisha wanafunzi wake kusali, hakuuacha mkate. Lakini angalieni, ninyi walimu mnaofundisha sarufi, jinsi Sala ya Bwana ilivyotungwa. Toka mwanzo hata mwisho hamna "mimi" wala "yangu". Baba ni wetu, mkate ni wetu, na makosa ni yetu. Mtu hawezi kuisali kwa ajili yake peke yake, hata kama amejifungia chumbani. Tena kabla hajafika kwenye mkate, amekwisha kupita duniani pote, maana ameomba mapenzi ya Mungu yatimizwe duniani, wala si katika kata yake tu. Basi swali ni hili: tukisema "sisi", ni akina nani walio ndani ya neno hilo? Kwa wengi wetu neno hilo ni kama ua wa miti wa boma la zamani. Waliomo ndani twawajua kwa majina, na walio nje twawachungulia kwa tundu.

Nataka kuwasimulia habari za sala moja iliyoandikwa karibu na kwetu, nayo ilitoka nje ya ua.

Wengi wetu tumefika Tabora, na baadhi yetu tumekwenda Kwihara, mahali palipo na tembe la makumbusho ya Dokta Livingstone. Mwaka 1872 alikaa pale pamoja na Stanley, na Stanley alipoondoka kurudi pwani tarehe 14 Machi, Livingstone alibaki akingojea wapagazi watakaotumwa kwake. Akangoja hata tarehe 25 Agosti, yaani miezi mitano na zaidi. Siku tano baada ya mwenzake kuondoka alitimiza umri wa miaka 59. Mwili wake ulikuwa umechakaa kwa maradhi ya tumbo, meno yake mengi yamekwisha ng'oka, mali nyingi aliyotumiwa toka pwani imeliwa na watu njiani, na mkewe alikuwa amefariki miaka kumi nyuma. Tena njia za kwenda magharibi hazikuwa salama, kwa sababu Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora walikuwa wakipigana vita.

Mtu aliye katika hali hiyo ana haki ya kujiombea. Lau mimi ningekuwa mahali pake, mkono wa kuume wa mzee usingetosha kuzishika punje zangu.

Lakini Livingstone alikuwa na jambo lililomkaa moyoni. Tarehe 15 Julai 1871, huko Nyangwe kando ya mto Lualaba, katika nchi ya Kongo, aliona kwa macho yake wafanya biashara ya watumwa wakiwapiga watu risasi sokoni, wengi wao wanawake waliokuja kuuza samaki na viazi, na wengine wakikimbilia mtoni wakazama. Basi pale Kwihara akaandika barua kwa gazeti la Marekani liitwalo New York Herald, kuwasihi watu wa nchi ile wasaidie kuikomesha biashara hiyo. Aliimaliza tarehe 1 Mei 1872, na katika kitabu chake cha kila siku akaandika kwamba aiombea barua hiyo baraka za Mungu. Mwisho wa barua alisema kwamba, katika upweke wake, hana la kuongeza ila kuomba baraka ya mbinguni imshukie kila mtu, awe Mmarekani, au Mwingereza, au Mturuki, atakayesaidia kuliponya donda hili la dunia. Maneno hayo yamechorwa juu ya jiwe la kaburi lake katika kanisa la Westminster Abbey, London.

Angalieni huyo Mturuki. Hakuwa mtu wa taifa la Livingstone, wala wa dini yake. Aliwekwa ndani ya sala katika sentensi ile ile pamoja na Mwingereza, bila kutengwa kwa neno lolote.

Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 1 Mei 1873, watumishi wake walimkuta amekufa kando ya kitanda chake, amepiga magoti, katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo leo Zambia. Wahubiri hupenda kusema kwamba saa ile alikuwa akiiombea Afrika. Mimi sisemi hivyo, kwa kuwa hakuna aliyemsikia. Nashika yale ya barua, ambayo twayajua. Susi na Chuma na wenzao wakauchukua mwili wake mabegani, wakapita Unyanyembe mwezi wa Oktoba, wakaifuata njia ile ile ya misafara hata Bagamoyo. Nao walipokuwa wangali njiani, kule Unguja tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash bin Said alitia sahihi mkataba, na soko la watumwa likafungwa. Aliyeomba alikuwa amekufa wiki tano zilizopita, na habari za kifo chake hazijafika pwani. Tena utumwa wenyewe haukuisha siku ile. Katika Tanganyika sheria ya kuufuta kabisa ilikuja mwaka 1922. Mtu aiombeaye dunia na ajue hilo mapema, asije akakata tamaa: mvua ya shamba lake huiona mwaka ule ule, bali ya dunia mara nyingi huonwa na wajukuu.

Msomaji wa Urambo aangalie sasa jina jingine la miaka ile. Mwezi wa Agosti 1871 Waarabu wa Tabora, na Stanley pamoja nao, walitoka kwenda kumpiga Mirambo. Kikosi kimoja kiliushambulia mji wa Ulyankulu, ambao Stanley katika kitabu chake aliuandika Wilyankuru. Wakauteka, na walipokuwa wakirudi na nyara zao za pembe na watumwa, Mirambo aliyekuwa amewavizia njiani katika majani marefu akawaangukia, akawaua wengi. Siku chache baadaye alifika Tabora yenyewe, na sehemu ya mji ikateketea kwa moto. Basi Livingstone alipokuwa akiandika pale Kwihara, Ulyankulu lilikuwa jina la vita, wala si jina la kimbilio la mtu yeyote.

Sasa hesabuni miaka. Tarehe 29 Aprili 1972, miaka 100 kasoro siku mbili toka barua ile ilipomalizika, ghasia na mauaji yalianza katika Burundi. Kwa makadirio ya wengi waliokufa katika miezi ile si chini ya watu 100,000. Makumi ya maelfu walivuka mpaka kuingia Tanzania wakiwa na watoto migongoni, na serikali ikawatengea msitu mahali pa kukaa. Mahali pa kwanza palipofunguliwa huku kwetu, mwaka ule ule wa 1972, ni Ulyankulu. Watu wale wakafyeka miombo, wakajenga vijiji na kuvipa barabara namba badala ya majina. Na ninyi nyote mmesikia kwaya ya Barabara ya 13, ambayo nyimbo zake ziliingia katika nyumba nyingi za Wakristo nchini, hata za watu wasiojua Ulyankulu iko wapi. Mwaka 1978 baadhi yao walianza kuhamishiwa Mishamo, kwa sababu maji na ardhi havikuwatosha. Na mwaka 2014 watu wa makazi haya ya zamani, yaani Ulyankulu, Katumba na Mishamo, walianza kupewa hati zao za uraia; jumla ya waliokubaliwa kuwa raia wa Tanzania yapata 162,000.

Mimi nilizaliwa wakati makazi yale yalikuwa yangali machanga. Nilipokuwa mtoto nilisikia wazee wakiwaombea watu wale kwa sauti ya huzuni, maana walikuwa wamewaona wakishuka katika malori. Sisi tuliofuata tulilirithi ombi bila kuirithi ile huzuni. Likawa neno la kupitisha tu: "Uwabariki na wakimbizi wote duniani," kisha amina, kisha matangazo.

Naja sasa kwa neno ambalo ningependa kulificha, lakini mzee wa punje amenikataza.

Mwaka juzi, mwezi wa Desemba, nilikuwa na vitalu vya miche ya tumbaku vilivyonawiri vizuri. (Wako watakaoniuliza, mwalimu wa dini alimaje tumbaku? Hilo ni somo la siku nyingine, wala si jepesi.) Jumapili nilikuwa nimesali kirefu kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo na Burundi walioko Nyarugusu, kule Kigoma, na watu walisema sala ilikuwa nzuri. Jumatano alasiri akaja mtu kwa baiskeli toka upande wa Ulyankulu, mtu wa rika langu. Akanisalimu kwa adabu, akasema ng'ombe wameingia katika kitalu chake usiku na kukivuruga chote, mvua imekwisha anza, naye aomba kununua miche yo yote iliyonizidi. Nilikuwa na vitalu viwili vya ziada. Nikamwambia, "Miche imekwisha, ndugu. Waulize wenzako wa huko." Akavitazama vitalu vilivyokuwa nyuma ya bega langu, vya kijani, vimemwagiliwa maji saa ile ile. Akasema, "Asante, mwalimu," akaigeuza baiskeli yake.

Uongo ulinichoma, lakini lile neno "wenzako" lilinichoma zaidi. Mtu yule amezaliwa katika nchi hii kama mimi, na hati ya serikali anayo. Nilimrudisha Burundi kwa neno moja, mahali ambapo hajapata kukanyaga. Mke wangu alikuwa akipepeta mchele barazani. Hakuniuliza kwa nini. Alisema tu, "Baba watoto, Jumapili ulimwombea sana," akaendelea kupepeta.

Ijumaa nikaing'oa miche, nikaifunga katika magunia yaliyoloweshwa, nikaipakia katika baiskeli. Kumtafuta kulinichukua hata saa nane mchana, kwa kuwa sikuwa nimemwuliza jina. Nilipomwona, kumbe amekwisha pata miche kwa mtu mwingine. Aliipokea yangu hata hivyo, akamwita jirani yake ambaye kitalu chake nacho kilikuwa kimeharibika, wakagawana. Nikaungama uongo wangu. Akacheka kidogo, akasema alijua. Kisha hakuniacha niondoke bila kula.

Kabla ya kula alisali, nami nawaandikia sala ile kwa kadiri niikumbukavyo, maana ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Aliwaombea watoto wake kwa ufupi. Aliniombea mimi na nyumba yangu, na mvua ya Urambo. Halafu akakitaja kilima kimoja cha Burundi kwa jina lake, ndicho alichotoka baba yake usiku mmoja wa mwaka 1972, akawaombea watu waketio sasa katika shamba lile, migomba yao izae, na watoto wao wasikimbie kamwe. Hakutia sauti ya pekee hapo. Alisema kama mtu aliyezoea kusema hivyo kila siku, kisha akaninawisha mikono.

Njiani kurudi nilimkumbuka Abrahamu, aliyesimama mbele za Mungu kuubishania Sodoma, akishuka toka watu hamsini hata kumi. Nalimhubiri mara nyingi. Sijapata kuona mpaka siku ile kwamba mji ule haukuwa mji wake.

Nilipomsimulia mzee wangu mambo hayo yote, alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Na sisi watu wa Urambo, tuliombewa na nani?" Ni swali la haki. Naona walimu wafaa kulijibu mbele ya watoto shuleni.

Katika nchi ya Ujeremani, mwaka 1722, watu waliofukuzwa kwao Moravia kwa ajili ya imani yao walipewa mahali pa kukaa katika shamba la bwana mmoja aitwaye Zinzendorf. Kijiji chao wakakiita Herrnhut. Basi wale nao walikuwa wakimbizi, wenye vibanda vipya na ugomvi mwingi kati yao. Mwezi wa Agosti 1727, wakiisha kupatana, wanaume 24 na wanawake 24 waliagana kwamba kila saa ya mchana na ya usiku pasikose mtu anayesali, nao wakagawana saa zile. Zamu hiyo iliendelea kwa muda wa miaka ipatayo mia. Wangaliweza kuzitumia saa zao zote kuombea nyumba zao na chakula chao, na nani angewalaumu? Lakini mwaka 1731 Zinzendorf alikutana huko Copenhagen na mtumwa mmoja mtu mweusi, jina lake Anton, aliyemweleza taabu za ndugu zake katika kisiwa cha St. Thomas ng'ambo ya bahari. Na mwaka 1732 watu wawili wa kijiji kile, Leonhard Dober na David Nitschmann, walifunga safari kwenda huko. Mtu akiomba kwa muda mrefu kwa ajili ya mahali fulani, si ajabu akajikuta ametumwa.

Kwetu Urambo walitangulia watu wa London Missionary Society. Dokta Southon alifika mwaka 1879, akawa rafiki wa Mirambo na mganga wake, akafa huku mwaka 1882 kwa jeraha la bunduki iliyofyatuka kwa bahati mbaya. Mwaka 1898 kazi ilikabidhiwa Wamoravian. Magazeti ya misioni ya siku zile yalichapa majina ya vituo, ili wasomaji wayakumbuke katika sala. Basi naamini wako mabibi wa London na maseremala wa Ujeremani waliolitaja jina la Urambo magotini, pengine kwa matamshi ambayo sisi tungecheka, wala hawakupata kuuona mwembe mmoja wa nchi hii. Sisi ndio tuliokuwa punje za mkono wao wa kushoto. Na leo Wamoravian wa Tanzania ni wengi kuliko wa nchi nyingine yo yote duniani.

Labda msomaji auliza tufanyeje. Nitasema lile tulilojaribu sisi, wala si sheria. Tuliacha kuiombea "dunia nzima" kwa pumzi moja, kwa kuwa neno kubwa namna hiyo halishikiki mkononi. Kila mwezi twachagua mahali pamoja. Vijana hutafuta katika ramani pako wapi, watu wake wanakula nini, wana taabu gani na furaha gani, maana si haki kulijua taifa kwa vita vyake tu. Tukiwa na mtu kati yetu aliyetoka huko au aliyefika, yeye ndiye husali. Mwezi wa kwanza tulianza na Burundi, na kijana mmoja akauliza kama Warundi nao hulima tumbaku. Wanawake wetu walitutangulia katika jambo hili, maana kila mwaka Ijumaa ya kwanza ya Machi hukutana kwa Siku ya Maombi ya Dunia, ambayo utaratibu wake huandikwa na wanawake wa nchi moja ili nchi nyingine zote ziutumie. Sisi wanaume tulikuwa tukiwatazama wakienda, tukiuliza chakula kitapikwa na nani.

Wako walionung'unika. Mmoja alisema wazi katika kikao kwamba watu wa mbali wana walimu wao wa kuwaombea, na mvua haijanyesha hapa. Sikumkemea, kwa kuwa shamba lake lilikuwa limekauka kweli, na ombi lake tuliliweka la kwanza.

Jumapili iliyopita mzee alinijia tena chini ya mwembe. Mkono wa kuume ulikuwa na punje 26. Akafumbua wa kushoto, mlikuwa na punje sita. Nikafurahi, naye akaona kwamba nimefurahi. Akasema, "Mbili kati ya hizi ni za yule mtu wa Ulyankulu. Amekuja leo na mkewe, wameketi nyuma, wewe hukuwaona." Akazitia zote mfukoni, akaenda kuwapa kuku wake.